Kibao Nilichomvika Saumu

Kamba ya kibao kile ilinuka jasho la shingo za darasa zima. Kilikuwa kipande cha mbao cha ukubwa wa kiganja, na mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa amekiandikia neno moja kwa rangi nyekundu: "silly", yaani mpumbavu. Shuleni kwetu Mjambere, aliyesikika akisema Kiswahili alikivaa mpaka amnase mwenzake kwa kosa lile lile. Aliyekutwa nacho kengele ya jioni ikilia ndiye aliyechapwa. Bibi yangu alizoea kusema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nasi tulikaa kimya kama maji ya mtungini.

Siku moja nilikuwa nacho mimi. Kengele ilikaribia na hakuna aliyefungua kinywa. Kando yangu alikaa Saumu, mwenzangu tangu utotoni, ambaye mamake alikuwa hoi kitandani. Nilijua hilo, na ndilo nililolitumia. Nikamwinamia, nikamwuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya huruma, mamake anaendeleaje. Saumu hakuwa na Kiingereza cha kulisema jambo lile. Machozi yakamlengalenga. "Leo hakunijua, Rukia," akasema.

Nikamvika kibao. Akachapwa yeye, nami nikaenda zangu nyumbani, nikala, nikalala. Wiki ile ile mamake akazikwa, na Saumu hakurudi shule tena.

Leo mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza. Juzi, katika kamusi nene, nilisoma nasaba ya neno lile. Hapo kale Waingereza walimwita hivyo mtu aliyebarikiwa. Baadaye likawa la asiye na hatia, kisha la mnyonge wa kuhurumiwa, likashuka ngazi baada ya ngazi hadi kwa mpumbavu. Nilifurahi, naona haya kusema, kama mfungwa aliyeletewa msamaha. Nikaenda mbio kwa Saumu, anakouza viazi karai kando ya barabara ya Kisauni, nikamweleza yote, na kwamba darasani kwangu hakuna kibao.

"Alhamdulillahi kwa watoto hao," akasema, akigeuza viazi mafutani. Kisha akaniangalia. "Na siku ile, weye uliyajua hayo ya baraka?"

"La, wallahi. Sikuyajua."

"Basi ulinivika tusi, Rukia."