Rimoti Isiyofika Mkekani

Wanaowajibika ni wawili, na ninawataja kwa nafasi zao: mwanangu wa kwanza, aliyenunua mitambo ile na kuamua iwekwe wapi, na fundi wake, aliyeifunga kwa kufuata uzuri wa ukuta bila kujali nani anakaa wapi ndani ya nyumba hii. Mama yangu mzazi hawajibiki. Magoti yake hayawajibiki. Na mkeka wake, ambao wote wawili wamekuwa wakiuzungumzia kana kwamba ndiyo kasoro, ulikuwepo mlangoni kabla ya spika yoyote kuingia humu.

Nayasema haya mapema, ndugu yangu, kwa kuwa nilifanya kazi masjala hadi nilipostaafu, na nimeshuhudia jinsi jambo lililoanza kuandikwa vibaya linavyoendelea kusomwa vibaya. Siku hizi nikihudhuria shughuli za majirani naulizwa, "Mzee, tumesikia mama amegoma kutumia rimoti." Mama hakugoma. Rimoti ndiyo iliyogoma. Naomba kumbukumbu zikae sawa.

Nyumba yangu iko Mbwawa, pembezoni mwa mji wa Kibaha, katika kiwanja nilichokifyeka mwenyewe kilipokuwa bado kichaka. Mwanangu alileta mitambo hiyo kwa ajili ya sikukuu ya Idi: runinga pana kama mlango, king'amuzi, spika za kuzunguka sebule nzima, na sabufa inayotikisa vikombe kabatini. Ili tusihangaike na rundo la rimoti, alileta rimoti moja inayoongoza vyote. Fundi alivipanga vifaa ndani ya kabati jipya lenye milango ya kioo cheusi, akaketi katikati ya sofa, akabonyeza, na kila kitu kikawaka kwa pamoja. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga.

Mama alikuwa mahali pake, kwenye mkeka kando ya mlango wa mbele. Hakai kwenye sofa kwa sababu sofa linammeza. Akishazama humo hainuki mpaka ashikwe makwapani kama mtoto. Mkekani hushika fremu ya mlango akainuka mwenyewe. Tena kutoka hapo anaiona baraza, analiona geti, anajua nani amepita na amebeba nini. Nilimkabidhi rimoti naye ajaribu. Akabonyeza. Runinga ikazimika, sabufa ikaendelea kunguruma. Akabonyeza tena. Runinga ikawaka buluu tupu, ikaandika kwamba hakuna mawimbi.

"Hapo bibi amekaa chocho," fundi akasema.

"Chocho ndiyo nini?" mama akauliza.

"Yaani pembeni, bibi yangu. Rimoti na mashine lazima zionane. Hapa kati kuna meza, kule kuna kioo, halafu wewe uko chini na uko mbali. Njoo ukae hapa kwenye sofa uone, freshi kabisa."

"Mimi nimekaa hapa nionane na watu. Hiyo mashine ikaonane na huyo wa kwenye sofa."

Sebule nzima ilicheka, na mwanangu akacheka kuliko wote. Mama hakucheka. Alinirudishia rimoti, akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba yako angeuliza kwanza kama imefika."

Waliokuwepo hawakulielewa neno hilo. Mimi lilinichukua papo hapo hadi Kisarawe, kwenye ua wetu wenye mfenesi, nikiwa na bakuli la nazi mapajani na vidole vimechubuliwa na mbuzi ya kukunia.

Baba alinunua redio msimu mmoja ambao mikorosho ilizaa vizuri. Ilikuwa ya mbao, ina kitambaa cha kahawia mbele na kitufe cha kuzungusha kilichotoa mlio wa kukwaruza. Bibi, mzaa baba, aliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, naye mama, wakati huo mke kijana katika nyumba ya mkwewe, alikifua kitambaa hicho kwa uangalifu kuliko kanga zake. Jirani yetu mchoma mkaa, ambaye baba walitaniana naye tangu utoto, ndiye aliyepanda juu ya mfenesi kufunga waya wa kunasia mawimbi. Akakaa huko juu akipaza sauti, "Inasema? Inasema?" huku sisi tukimjibu kutoka dirishani kwamba inasema lakini inakoroma.

Kazi yangu ilikuwa kuanika betri. Zilipoanza kuchoka, sauti ya msomaji wa habari ilikuwa ikinywea, ikawa kama ya mtu anayezungumzia ndani ya mtungi; basi nilizitoa na kuzipanga juani, juu ya bati la banda la kuku. Hadi leo nikishika chuma kilichopigwa na jua huisikia harufu ile ya betri za moto, iliyochanganyika na moshi wa korosho zilizokuwa zikikaangwa uani, moshi unaowasha macho na kumfanya kila mtu aonekane amefiwa.

Sasa nikueleze kanuni ya baba, maana ndiyo kiini cha madai yangu. Redio ilikaa chumba cha mbele. Bibi alikuwa uani, jikoni, akimenya mihogo au akichochea kuni chini ya chungu cha kisamvu. Yeyote aliyeifungua redio hakuruhusiwa kukaa kabla ya kuelekeza uso uani na kupaza sauti: "Bibi, imefika?" Bibi akijibu "Imefika," tunakaa. Akijibu "Bado," redio inasogezwa dirishani, inageuzwa uso, inaongezwa sauti, mpaka aridhike. Hapakuwa na mjadala. Aliyekaa mbali zaidi na mwenye kazi mkononi ndiye aliyekuwa kipimo.

Wanaume waliokuwa wakija kusikiliza mpira barazani walichukizwa. Mchoma mkaa alilalamika waziwazi.

"Mtani, mmeigeuza tena? Sasa sisi tusikilize kisogo chake?"

"Kisogo nacho kinasema," baba akamjibu. "Mama yangu ana chungu motoni. Wewe una miguu, zunguka."

Akazunguka. Akaenda kukaa uani pamoja na wanawake, akapewa mihogo amenye, akaimenya vibaya, na bibi akamwambia kwamba ganda lake lina mihogo mingi kuliko sufuria. Baada ya muda baraza ilibaki tupu na ua ukajaa.

Bibi hakuwa akisikiliza mpira. Alisubiri matangazo ya vifo. Saa yake ilipofika, mama alikuwa akisimamisha mchi hewani, kisamvu kikabaki nusu kimetwangwa, na sote tukanyamaza. Likitajwa jina la mtu wa bondeni au wa Pugu, bibi alilirudia polepole ili asilikosee, akajifunga kanga ya pili, akatoka kwenda kuwaarifu wanawake wenzake. Watu wengi wa upande ule walipata habari za msiba kupitia mdomo wake. Kama sauti isingefika jikoni, kuna maziko yangekosa watu. Baba alilijua hilo, ndiyo maana hakutania na kanuni yake.

Ilikuwepo kanuni ya pili, nayo ilikuwa ya bibi mwenyewe: hodi ilipita redio. Mtu akibisha, kabla hajajibiwa "karibu," sauti ilipunguzwa. "Punguzeni, kuna mtu," bibi alisema, na aliyekuwa karibu akakirukia kile kitufe cha kuzungusha. Mwalimu wetu, mtu wa shati jeupe na maneno yaliyonyooka, ambaye alikuwa akija kusikiliza taarifa ya habari, alikerwa siku moja hodi ilipomkatia habari katikati.

"Mama, hizi ni habari za taifa," akasema kwa adabu.

"Na huyu aliye mlangoni si wa taifa?" bibi akamuuliza.

Aliyekuwa mlangoni alikuwa mwanamke aliyekuja kuomba moto wa kuwashia jiko. Alikaribishwa, akapewa kijinga cha moto, akaulizwa hali ya watoto wake mmoja mmoja, na mwalimu akasubiri.

Hayo ndiyo malezi niliyopata, na ndiyo maana siwezi kulichukulia kwa wepesi lililotokea hapa Mbwawa siku chache baada ya Idi.

Mama ana mwenzake huko Kisarawe waliyekua pamoja. Wana jina moja, hivyo tangu usichana wanaitana somo. Naye ni mtu mzima sana sasa, macho yamefifia, hana simu yake mwenyewe. Alasiri moja alifunga safari kuja kumwona mama, akibadilisha magari njiani, na kifurushi cha fenesi lililomenywa mkononi. Mimi nilikuwa msikitini. Mke wangu alikuwa sokoni. Binti anayetusaidia kazi alikuwa uani anafua. Wajukuu walikuwa wamewasha mitambo, wakapandisha sauti, kisha wakatoka kucheza.

Mama alimwona somo yake akisimama getini. Alimwona akifungua mdomo na kujua kwamba anapiga hodi, ingawa hakuisikia. Akamwitikia kwa nguvu zake zote, lakini sabufa ilimeza sauti yake. Akachukua rimoti, akaielekeza kabatini, akabonyeza kitufe cha kupunguza. Haikupungua. Akabonyeza tena na tena. Akashika fremu ya mlango ili ainuke, na magoti yake yana mwendo wake. Alipokuwa amesimama, somo alikuwa ameshageuka. Mama alimwona mgongo akiondoka na kifurushi chake.

Nilimkuta ameketi, rimoti ameishika kwa mikono miwili.

"Somo alikuja," akaniambia.

"Yuko wapi?"

"Amekwenda."

Nilikimbia hadi kituoni na kanzu yangu, mtu wa umri wangu, nikaambiwa gari limeondoka. Baadaye mjukuu wa yule bibi alinipigia simu kunipa salamu zake: "Bibi anasema alipiga hodi mpaka akaona haya. Anasema labda mlikuwa na harusi ambayo hakualikwa." Nilijaribu kueleza. Sijui kama nilieleweka, kwa kuwa maelezo yanayoanza na kioo cheusi cha kabati hayafanani na udhuru wa watu waungwana.

Nilimpigia fundi. Nikamuuliza kwa utulivu kama lipo lolote linaloweza kufanywa ili rimoti ifike mlangoni. Akanijibu bila kusita: "Lipo, mzee. Kuna kijicho cha waya, unakitoa nje ya kabati, kinapokea rimoti popote ilipo. Ila bosi alisema waya utaharibu muonekano."

Soma tena maneno hayo, ndugu yangu. Dawa ilikuwepo. Ilijulikana. Ilikataliwa kwa ajili ya muonekano.

Mwanangu nilipompigia na kumweleza alisema, "Baba, usikuze mambo. Nitamletea bibi runinga ndogo, awekewe chumbani kwake." Simu nilikuwa nimeiweka kwenye spika, na mama alikuwa akisikia. Akasema, "Chumbani anawekwa mgonjwa. Kwani mimi naumwa?" Mwanangu akasema yuko kikaoni, akakata simu.

Ndipo nilipochukua bisibisi nikaing'oa ile milango ya kioo. Nimeiegemeza ukuta wa uani na kuifunika turubai. Haina hata mkwaruzo. Meza ya kati nimeisukuma pembeni, na atakayeikosa aweke kikombe chake sakafuni. Sasa mama akiwa mkekani runinga inamtii, na sabufa inamtii mara nyingi, ingawa king'amuzi kilichowekwa rafu ya chini bado kinajifanya kiziwi. Mwanangu ameona picha niliyoipiga na kumpelekea, akaniandikia kwamba nimeharibu seti. Sikuharibu. Nimefungua kilichofungwa vibaya, na milango ile hairudi.

Usinielewe kama mzee anayelilia redio ya mbao. Nyumba ile ya Kisarawe haipo. Pamejengwa vyumba vya kupangisha, na mfenesi ulikatwa kupisha ukuta. Redio yenyewe ilikufa zamani, kitambaa chake cha kahawia kikaliwa na panya. Sitamani kuanika betri tena, wala kuishi na habari zinazokoroma. Sauti ya mitambo ya mwanangu ni safi kuliko yoyote iliyowahi kuingia katika nyumba ya baba yangu. Kilichopotea ni mtu wa kugeuka na kuuliza kabla hajakaa. Zamani kila mtoto wa nyumba yetu aliweza kazi hiyo. Leo imemshinda msomi mwenye ofisi yenye kiyoyozi, na nasema hivyo nikijua kwamba atayasoma haya.

Kwa hiyo natamka rasmi, kama mwenye nyumba na kama mtoto wa mama yangu. Mkeka hauhami. Mwanangu na fundi wake wafike hapa wote wawili, mchana, mama akiwa ameketi mahali pake. Wavue viatu, wakae chini pamoja naye, na kila mmoja abonyeze rimoti hiyo kutoka pale anapoibonyezea mama. Kijicho kifungwe siku hiyo hiyo, na waya wake uonekane. Mwanangu amweleze bibi yake kwa kinywa chake, si kwa kupitia simu yangu, kwa nini alijua dawa ipo akaikataa. Kisha amchukue mama kwa gari lake hadi Kisarawe, abishe hodi mwenyewe kwenye mlango wa somo, asubiri mpaka ajibiwe, na aombe radhi akiwa amesimama. Udhuru wa kikao sitaupokea.