Mshindi Hainuki

Mzee Qamara hakuwa mtu wa majivuno, ila kwenye drafti. Hapo ulimi ulimponyoka. Alizaliwa upande wa Mbulu, akaja Karatu akiwa kijana, akafanya kazi miaka kumi na tisa kwenye mashine ya kumenya kahawa katika shamba moja kubwa kule juu, na mashine ile ikamla kidole cha mkono wa kushoto. Drafti alifundishwa na dereva wa lori aliyekwama pale shambani wiki nzima akingoja springi. Dereva alimfunga siku tano mfululizo. Siku ya sita Qamara akamfunga yeye, na tangu hapo, kwa maneno yake mwenyewe, hajatokea mtu wa kumfunga mara mbili.

Mwaka 1981, alipokuwa ameshaacha kazi na kurudi kwenye ekari zake tatu za mahindi na maharage, mke wake Bibiana akafariki. Binti yao wa pekee, Hyasinta, alikuwa ameolewa Mbulu. Nyumba ikawa kimya. Siku za kazi hazikumsumbua, maana mwenye jembe hana nafasi ya upweke. Jumapili ndiyo ilikuwa adui. Anatoka Misa saa nne, anafungua mlango, anakuta viti viwili vinatazamana na yeye ni mmoja. Jumapili moja akatoa meza nje, barazani, karibu na barabara. Akachora miraba kwenye ubao, akapanga vizibo vya soda upande huu na vya bia upande ule, akaketi. Jamani, watu walikuja!

Walikuja wakulima wenzake waliotoka kanisani, wakaja na vibarua wa Singida na Dodoma kutoka kambi ya shamba la kahawa. Kufikia mwezi wa saba walikuwa watu ishirini, wengine wamesimama, wengine wamekalia madebe. Kelele ilifika mpaka kwa jirani yake Marsela, mama aliyepika pombe ya mtama, na Marsela akawa analalamika huku anauza. Jioni Qamara akiingia ndani sauti za watu zilikuwa bado zimo masikioni mwake. Alilala vizuri. Mwenyewe alimwambia Hyasinta kwamba ile meza ndiyo iliyomzuia asimfuate mama yake.

Sasa, sheria ya pale ilikuwa moja: aliyefungwa anainuka, mshindi hainuki. Ndivyo ilivyochezwa kila mahali, Qamara hakuitunga yeye. Ila si kila mahali palikuwa na Qamara. Yeye alikaa kwenye kiti saa nne na nusu asubuhi, akainuka jua linazama, na katikati hapo aliinuka kwenda chooni tu. Boazi, kibarua wa Kinyaturu, alitembea saa nzima kutoka kambini, akangoja zamu yake kwa saa mbili, akaketi, akaliwa kete zote kwa dakika nne. Akainuka. Zamu nyingine ingefika saa ngapi? Haikufika.

Tena palikuwa na gunzi. Ukifungwa bila kupata hata kingi moja, yaani kete iliyovuka mpaka mstari wa mwisho, unapewa gunzi la mahindi ulishike mpaka apatikane mwingine aliyefungwa vibaya kama wewe. Wenyeji walilizoea, wakalicheka. Boazi alilishika Jumapili tatu. Mara ya tatu watu walianza kumwita Baba Gunzi, na Qamara akacheka kuliko wote, akamwambia, “Kijana, asiyekubali kushindwa si mshindani.” Boazi akalicheka pia, lakini kwa meno tu.

Watu wakaanza kupungua. Ishirini wakawa kumi na wawili, kumi na wawili wakawa saba. Wageni walikuja mara moja, wakafungwa, hawakuonekana tena. Na wale wazoefu, walipokosa wageni wa kuwacheka, nao wakapata udhuru: huyu ng'ombe kapotea, yule mgeni kafika. Qamara akasema tatizo ni ubao. Kizuri chajiuza, alisema. Akanunua kipande cha ubao wa podo, akakipiga randa mpaka kikateleza, akapaka miraba kwa rangi iliyobaki ya milango ya kanisa, akachonga kete ishirini na nne za mti, kumi na mbili akaziunguza kwa moto ziwe nyeusi. Kazi ya mwezi mzima, na kidole kimoja pungufu! Watu wakaja kuutazama. Wakaupapasa, wakausifu, wakafungwa. Jumapili ya tatu walikuwa watano.

Akasema basi ni njaa. Mwaka ule sukari ilikuwa ya mgao, nusu kilo kwa kaya na si kila mwezi. Hyasinta alimtumia kilo nzima kutoka Mbulu, amefunga kwenye kitambaa kama dawa, ili baba yake anywe chai ya maana. Unajua alivyoifanya? Aliimimina yote kwenye sufuria ya chai ya wacheza drafti. Habari ikaenea Karatu nzima. Jumapili ile barazani hapakuwa na pa kuweka mguu! Qamara alifurahi, macho yakamlegea. Lakini walikunywa wamesimama, na sufuria ilipogongwa chini ikalia tupu, wakashukuru kwa adabu kabisa na kuondoka. Wakabaki wanne na vikombe.

“Baba Hyasinta,” Marsela alimwambia kutoka ng'ambo ya ua, “umewanywesha sukari ya mwanao, na hata jina la Mungu hawakulitaja.”

“Walisema asante.”

“Haya. Kunywa asante hiyo kesho asubuhi.”

Dawa ya tatu ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Boazi alikuja siku moja, basi tu kwa kuwa alikuwa anapita. Qamara akaona huyu asiondoke. Akamwachia kete mbili makusudi, kisha tatu, akamfungulia njia ya kingi, akajikuna kichwa kama aliyeshindwa. Boazi akashinda. Watu wanne waliokuwapo wakapiga makofi. Boazi hakucheka. Aliitazama ile kete ya tatu muda mrefu.

“Mzee, umenipa,” alisema.

“Nani kakupa? Umecheza vizuri.”

“Samahani mzee. Mimi nimekuja hapa kufungwa, nikaona nitajifunza. Sikuja kupakatwa kama mtoto.” Akainuka kwenye kiti cha mshindi, akavaa kofia yake, akaenda zake. Wale wanne walitazamana. Jumapili iliyofuata hakuja mtu.

Qamara alikaa peke yake mbele ya ubao wake wa podo. Alicheza mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, na wa kushoto ukafungwa. Saa nane akashindwa kukaa. Akafunga mlango, akapanda njia ya kambini, anajiambia anakwenda kuulizia kibarua wa kupalilia maharage. Uongo mtupu. Alikuwa anawafuata watu wake.

Aliwasikia kabla hajawaona. Mbele ya chumba cha Josephati, Mgogo mmoja mrefu aliyekuwa mpishi wa kambi, walikuwa watu kumi na tano wamezunguka kipande cha katoni. Miraba imechorwa kwa mkaa, na kete ni punje za mahindi na za maharage. Boazi alikuwapo. Na mchezo wenyewe, Mungu wangu! Mtu anaacha kupata kingi ili ale kete moja. Mtu anasahau kula. Walikuwa wanabishana, wanapigana vikumbo, wanacheka mpaka machozi. Qamara akavumilia, akavumilia, akashindwa.

“Aa, usisogeze hiyo! Huoni unaliwa nne?”

Kicheko kikakatika. Walimwamkia wote, shikamoo mzee, shikamoo mzee, wakampisha nafasi. Lakini ile furaha ilikuwa imekwenda, na Qamara aliona wazi kwamba ni yeye aliyeifukuza. Alitamani ardhi ipasuke.

“Karibu mzee,” Josephati alisema. “Ila sisi hapa tunacheza tu. Ukitaka zamu, mbele yako wako sita. Na mkimaliza mnainuka wote wawili, aliyefunga na aliyefungwa.”

“Mshindi naye anainuka?”

“Anainuka. Tumekuja hapa kucheza, au kufa tukingoja?”

Qamara akakaa kwenye jiwe, akangoja. Hakuwa amengojea zamu tangu siku za yule dereva. Alitazama michezo mitatu, mkono umebana mdomo, matako yanauma, na kila mchezo ulikuwa mrefu kuliko litania. Akajua jinsi ilivyokuwa kwa wale waliongoja kwake saa mbili. Zamu ilipofika alimfunga kijana Thomasi kabla mtu hajamaliza kusonga ugali. Kisha akabaki amekaa. Hakukusudia, ni mazoea ya mwili. Watu kumi na tano wakamtazama. Akainuka.

“Mimi nina ubao,” alisema akiwa amesimama, sauti yake si ile ya barazani. “Mnaujua. Katoni hii mvua ikinyesha imekwisha. Jumapili njooni kwangu.”

Boazi ndiye aliyejibu. “Utainuka, mzee?”

“Nitainuka.”

“Ukishinda?”

“Si nimesema nitainuka! Na lile gunzi nimelitia motoni.” Halikuwa motoni bado, alilitia motoni jioni ile alipofika.

Walikuja kumi na wanane. Qamara akacheza wa kwanza, akashinda, akainuka, akaenda mwisho wa mstari. Mbele yake wapo wengi. Hakuna aliyejua kulimgharimu nini kutembea zile hatua nne. Kiti chake kikakaliwa na watu wasiojua kulinda mstari wa nyuma, kwenye ubao aliouchonga mwenyewe, na mtu wa kumsikiliza hakuna. Saa kumi akapata mchezo wake wa pili. Wa tatu haukufika, wala haungefika Jumapili nyingine yoyote. Alikuwa amelijua hilo tangu kule kambini.

Jua lilipoanza kushuka walikaa Boazi na Josephati. Josephati alikuwa na kete moja ya kusogeza, moja tu, na angeshinda mchezo. Kila asiye kipofu angeiona. Hakuiona. Akashika nyingine, akaizungusha hewani, akairudisha, akaishika tena. Qamara alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akaingia jikoni haraka, akasimama nyuma ya mlango amejishika kichwa. Nje wakalipuka kwa kelele: Josephati amekosea, Boazi amemla tatu, watu wanapiga kuta za nyumba kwa kucheka. Marsela anawatukana kutoka ng'ambo ya ua. Mzee alilia hapo jikoni, kwa raha ya kelele zile na kwa uchungu wa kete ya Josephati, na mwenyewe hakujua kipi kilizidi. Akafuta uso, akachochea moto, akabandika uji wa watu kumi na wanane.