Gauti ya Naftali na Damu ya Elinami

Naftali ni mpuuzi. Naanza hapo tusipotezeane muda.

Mdogo wake, Elinami, ni fundi wa mageti hapa Ngarenaro. Ana ugonjwa wa baipola. Kuna vipindi anapanda: halali, anaongea kama redio, hasira juu. Mwaka juzi, akiwa amepanda hivyo, alirusha nyundo ikavunja kioo cha gari la Naftali. Akatibiwa, akaomba radhi, dawa anakunywa mpaka leo. Naftali akasema yameisha. Uongo.

Hospitali kulikuwa na utafiti. Wanapima damu ya wenye baipola kuona kama uvimbe wa ndani ya mwili unaendana na ukali. Kipimo cha Elinami kikatoka juu kidogo. Daktari akamwambia, "Hii haisemi kama utapiga mtu. Hata jino bovu linapandisha." Elinami, bila kufikiri, akamsimulia kaka yake.

Ikaja posa. Kwetu Wameru muoaji anakaa kimya, anasemewa. Wakaenda Lemara kwa kina Evelyn, mchumba wa Elinami, msemaji Naftali. Mzee Elifuraha, baba wa binti, akauliza kama kijana ana tatizo.

"Mzee, sifichi," akasema Naftali. "Damu yake imepimwa, wameukuta ukali umo humo. Mwaka juzi alirusha nyundo kwenye gari langu. Huyu anaweza kuua."

Elinami akajizuia. Angefoka pale, angemthibitishia. Posa ikakataliwa.

Akaenda moja kwa moja kwa shangazi yao, Agnela.

"Shangazi, nataka aumbuke. Palepale aliponiumbua."

"Nilidhani hutaomba."

Agnela akaomba kwa kina Evelyn wasikilizwe tena. Naftali naye akaja, kaka mkubwa hakosi, anachechemea kwa gauti ya nyama choma, dole gumba la mguu limevimba.

"Naftali, juzi nilivyokupeleka zahanati na hilo dole, walipima nini?"

"Shangazi, hayo ya nini hapa?"

"Sema, au niseme mimi."

"Uvimbe kwenye damu."

"Uleule wa mdogo wako. Na kipimo chako ni mara nne ya chake! Haya muuaji, jitambulishe kwa wakwe."

Sebule nzima ikacheka. Evelyn, nyuma ya pazia la jikoni, akacheka kuliko wote. Mzee Elifuraha hakucheka. Akaacha taratibu zote, akamgeukia Elinami mwenyewe.

"Nyundo ulirusha?"

"Nilirusha, baba. Nilikuwa naumwa."

"Ukianza tena tutajuaje?"

"Nitakosa usingizi. Evelyn anajua, atanipeleka hospitali hata nikikataa."

"Nitakuburuta!" ikatoka sauti jikoni.

Mzee akaagiza pombe ya mbege. Posa ikapokelewa.

Nje, Naftali akamshika Elinami mkono. "Mdogo wangu, yaishe basi. Nipe lifti, mguu unaniua."

"Si leo, kaka. Leo acha nifurahi."

Akampakia shangazi kwenye gari, akaondoka na siti ya nyuma tupu. Kuna watakaosema hakufanya vizuri. Mimi ningepiga na honi.