Ini la Leonida

Leonida alikuwa mpika pombe wa kijiji cha Buger. Pombe yake ya mtama ilisifiwa hadi Karatu mjini, na kila pipa alilionja mwenyewe kabla ya kuwauzia watu. Kuonja kulianza kama kazi. Kufikia mwaka 1985 mikono yake ilitetemeka kila asubuhi mpaka apate kikombe cha kwanza, na mumewe Piusi, aliyekunywa pamoja naye, hakuona ajabu.

Kisha tumbo likaanza kujaa. Macho yalipogeuka njano, mdogo wake Katarina alimpakia kwenye lori la ngano, wakaenda hospitali.

Daktari Josephati alimtoboa tumbo kwa sindano nene. Maji yakatiririka mpaka ndoo ikajaa. Leonida akavuta pumzi, akacheka.

"Nimepona, daktari."

"Bado, mama. Maji yatarudi. Pombe imeliharibu ini lako, limekuwa gumu, limejaa makovu. Dawa ya kulirudisha hatuna."

"Si ulitoe, uniwekee jingine?"

Alikuwa anatania, lakini daktari hakucheka. Alikuwa amesomea ng'ambo.

"Ulaya wanafanya hivyo siku hizi. Mtu akifa, ini lake anawekewa mgonjwa."

Katarina akasogea. "Basi likate langu, nusu apewe dada."

"Kukata la mtu aliye hai bado hawajaweza. Na hata huko, mgonjwa wa pombe wanamweka nyuma. Wengi wanamkataa kabisa. Wanasema na hilo jipya ataliharibu."

"Na nikiacha?" Leonida aliuliza.

"Ukiacha, utaishi zaidi kidogo."

Leonida hakusikia neno "kidogo". Alisikia "Ulaya".

Alirudi nyumbani akamwaga pombe yote. Wiki haikuisha, Piusi akamleta dada yake mwenyewe aendelee kupika jikoni mle mle. Leonida alilala nyuma ya ukuta wa fito, harufu ya kimea ikimfuata hadi kitandani. Nje wanaume walicheka, na mmoja akaita, "Mama, njoo utuonjee!" Alijifunika blanketi, akaliuma.

Asubuhi moja alijikuta jikoni, kata ya pombe ikiwa mdomoni tayari. Akatema, akaanza kulia.

"Nitafia humu," alimwambia Piusi.

"Sasa tule nini? Mahindi si yamekauka yote?"

Piusi hakuwa mtu mbaya. Siku hiyo hiyo Leonida alijikongoja hadi kwa Katarina, akipumzika kila penye mlima.

Masika ilipokwisha alirudi kwa daktari, tumbo likiwa limejaa tena.

"Sijameza hata tone. Muulize Katarina. Sasa waandikie hao watu wa Ulaya."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, hakuna wa kumwandikia. Wagonjwa wa huko kwao wenyewe wanakufa wakisubiri. Wewe uliuliza, mimi nikajibu."

"Ungeniambia hakuna!" Leonida alifoka mpaka wagonjwa wengine wakageuka. "Ungesema hakuna kitu kama hicho duniani, mimi ningetulia. Sasa najua kipo, na mimi niko hapa."

Daktari alichukua sindano akaanza kutoa maji.

Leonida hakunywa tena. Aliishi kwa Katarina miaka miwili, zaidi ya alivyotarajia daktari, lakini hakuweza kubeba ndoo wala kuinama shambani. Alikaa mlangoni akichambua maharage, akiwatazama watu wakipita kwenda mnadani. Kila Jumapili Piusi alikuja akiwa hajanywa, akakaa naye mpaka jua lipungue.

"Turudi nyumbani, Leonida," alimwambia siku moja.

"Kupika mmeacha?"

Piusi akatazama chini. Leonida akaendelea na maharage yake.

Alifariki wakati wa baridi, Jumapili moja ya mwezi wa Julai. Alianza kutapika damu asubuhi, na Katarina akakimbia barabarani kutafuta gari. Aliporudi na lori, Piusi alikuwa amefika, amempakata mkewe mapajani, na hapakuwa tena na mtu wa kupeleka hospitali.