Doa Lisilokuwa Kwenye Gauni

Kila mtu aliniambia nisiiguse. Fundi wa duka la kamera alisema, "Bu xing, bu xing," haiwezekani, akatikisa kichwa kana kwamba nilitaka kumpasua mtu tumbo. Mwenye studio pale barabara ya Huanshi, mjini Guangzhou, Mkenya mwenzangu, akaniambia niache ushamba: sensa, kile kidude cha ndani ya kamera kinachopokea picha, haisafishwi nyumbani, tena haisafishwi na mwanamke aliyezoea kusugua masufuria. Huyo ndiye aliyenitia nguvu. Mpaka leo naishukuru dharau yake.

Kazi yangu ilikuwa kupiga picha za mizigo. Kabla kontena halijafungwa, mteja aliyeko Mombasa alitaka kuona alichonunuliwa, nami nilimpigia picha na kumtumia kwa barua pepe. Zamani nilikuwa mkalimani, nikiwafuata wafanyabiashara kwenye maduka ya mtaa wa Yide Lu na kuwabebea mifuko ya wanasesere, nikiitwa "hebu wewe". Kamera ile ya dijitali niliinunua mwenyewe, kwa jasho langu. Wateja wakiacha kuiamini, ningerudi kubeba mifuko ya watu. Sikutaka kurudi, na sioni haya kusema hivyo.

Basi mama mdogo, niliyekuwa nikiishi naye mtaa wa Xiaobei, alinunua mzigo wa magauni meupe ya harusi. Nikayapiga picha kiwandani, moja moja. Mteja wake akajibu kesho yake: magauni yote yana doa kwenye pindo, na hayataki hata kwa dawa.

Mama mdogo hakuuliza swali. Alivaa buibui lake akaenda kumvaa laoban, yaani bosi wa kiwanda.

"Laoban, wewe mwizi! Umeniuzia matambara!"

Mimi ndiye niliyetakiwa kuyatafsiri matusi hayo, nikayapunguza makali njiani. Bosi akafungua maboksi, akatandaza gauni baada ya gauni mbele yetu. Mapindo yalikuwa meupe pe. Lakini mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mama mdogo akasema Mchina kesha yafua.

Nikatoka nje nikaipiga picha mbingu ya Guangzhou, ambayo siku ile ilikuwa kijivu tupu. Doa lilikuwepo, chini, mahali pale pale. Na mbingu haina pindo.

"Ni kamera, mama," nikamwambia.

"Basi mwachie yule wa studio apige yeye. Wewe rudi kwenye ukalimani, mwanangu. Kamera itakutia aibu, na mimi pamoja nawe."

Maneno hayo yaliniuma kuliko ya yule wa studio. Fundi alitaka kamera ipelekwe kwa walioiunda, na itarudi lini hajui. Kontena halingengoja. Nikanunua dawa ya sensa na vijiti vyake, nikasema liwalo na liwe.

Asubuhi nilifungulia maji ya moto bafuni mpaka mvuke ukajaa, nikayafunga, nikangoja vumbi lishuke. Nikavua mtandio usije ukamwaga nyuzi. Betri nilikuwa nimeijaza kabisa, maana ikizimika katikati, kile kioo cha ndani hukushukia mkononi na pazia lake hufunga. Nikatoa lenzi. Nikachagua kwenye menyu, kioo kikainuka, na sensa ikaonekana, ndogo kama stempu, iking'aa kijani na zambarau. Nikaielekeza kamera chini, nikabonyeza mpira wa kupulizia upepo. Doa halikutoka. Picha huingia ndani kichwa chini miguu juu, kwa hiyo doa la pindo nililitafuta juu, kwa tochi. Nikaliona: kitone cha mviringo, kimekauka na kuacha ukingo. Vumbi halikai hivyo. Yale yalikuwa mate.

Hapo nikakumbuka. Asubuhi ya kwenda kiwandani, nilipokuwa nimetoa lenzi na kuinua kioo ili nipulize vumbi kwa ule mpira, mama mdogo alisoma dua ya kunikinga na hasidi, kisha akainama akaipulizia kamera, puu, puu, puu, kama ilivyo ada kwetu. Ilikuwa wazi mdomo wote. Nikacheka, hasira ikanipanda, nikacheka tena.

Nikadondoshea dawa kwenye kitambaa cha kijiti, nikakipitisha juu ya sensa kwa pumzi moja, ukingo mpaka ukingo, bila kurudi nyuma. Nikageuza upande safi, nikakipitisha tena. Nikarudisha lenzi, nikaupiga picha ukuta mweupe, na sikuona kitu ila ukuta.

Nikarudi kiwandani peke yangu, nikayapiga yale yale magauni. Mteja akaandika: haya ndiyo magauni, yale ya kwanza mrudishieni mwenyewe. Mama mdogo hakumwomba bosi radhi. Alimpelekea mahamri, na bosi akala.

Mzigo uliofuata, nilikuwa mlangoni na lenzi mkononi. Mama mdogo akaniuliza ni nani aliyeisafisha kamera.

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi, mama. Kwa mikono hii."

Akafungua viganja na kuanza dua yake. Alipoinama, nikaifunika kamera kwa mkono.

"Hii usiiguse," nikamwambia. "Nipulizie mimi."

Akanipulizia usoni, puu, puu, puu, mate na yote. Sikujifuta.