Mwandiko wa Mwalimu Haji

Asubuhi ile nilikuwa napepeta ufuta uani, nimenuna kwa sababu dada yangu kaniachia kazi yote. Kijiji chetu kilikuwa kando ya mto Juba, Somalia. Huko tuliishi sisi Wazigua, vizazi vya watumwa waliotolewa huku Handeni, kabla vita havijaturudisha kwa mababu zetu mikono mitupu.

Serikali ya kule ilikuwa na usalama wake wa ndani, nao uliingia mpaka jikoni. Ngazi ya chini kabisa ilikuwa mtu mmoja kwa kila mtaa. Kila wiki aliandika nani kapokea mgeni, nani kanung'unika. Habari ikapanda kwa ofisa wa wilaya, kisha mji mkuu. Mtoa habari hakuweka jina, aliweka namba. Kikulacho ki nguoni mwako, tulisema, tukicheka kwa sauti ya chini.

Serikali ilipoanguka, watu walivunja ofisi ya wilaya wakabeba hata milango. Mafaili yakawa karatasi za kufungia njugu. Adhuhuri ya siku ile ya ufuta nilinunua njugu, nikakunjua karatasi. Iliandikwa: "Namba nne anaripoti." Mwandiko ulikuwa wa baba.

Niliitia motoni. Nilimchukia baba kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Alasiri walikuja wenye bunduki. Mkubwa wao alishika karatasi nyingine ya namba nne.

"Kwa maneno haya ndugu yangu alichukuliwa, hakurudi," alisema. "Wanaojua kuandika watoke."

Walitoka wanne. Kila mmoja akapewa kalamu.

Baba aliandika kwa mkono wa kushoto.

Hakuna aliyeshtuka ila mimi.

Wa mwisho alikuwa Mwalimu Haji, aliyewafundisha wote kuandika, baba akiwemo. Aliandika vilevile kama ubaoni, kila herufi na mkia wake. Mwandiko huo ndio baba aliojifunza.

Mkubwa alilinganisha. "Ni wewe."

"Mwanangu, nimefundisha watu wengi," alisema Mwalimu. Akamtazama baba. Hakutaja jina.

Nilifungua mdomo. Baba akanitazama.

Nikaufunga.

Walimpeleka nyuma ya msikiti. Tulisikia risasi mbili.

Kesho yake tulikimbia, pamoja na mjane wake, Mama Zaituni, na watoto wake watatu. Baba alimbeba mdogo mgongoni hadi mpaka wa Kenya. Kambini aliwagawia nusu ya chakula chetu. Tulipofika Handeni, mjumbe wa nyumba kumi alikuja na daftari kutuandikisha. Baba alikwenda nyuma ya nyumba akatapika. Miaka yote alilima shamba la Mama Zaituni kabla ya letu. Watu walimsifu. Nilitamani kupiga kelele, kisha nikajiambia kwamba Mwalimu hatarudi, na mjane atakosa wa kumlimia. Ni maneno ya mwoga, najua. Nimeyasema mpaka nimezeeka.

Mwaka jana tulimzika baba. Mama Zaituni alikaa nami mkekani, akanishika mkono.

"Mwanangu, aliyemuuza mume wangu, iko siku Mungu atanionyesha," alisema. "Na baba yako, aliyetulea, Mungu amlipe kwa yote aliyoyatenda."

Nikajibu, "Amina."