Swabaha na Gari la Milango Miwili

Watu wa Kirongwe, kisiwani Mafia, walidhani Swabaha alilitaka gari lile kwa maringo. Kumbe ilikuwa hofu.

Alikuwa bibi shamba wa kata, mwanamke mrefu, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mashamba ya mikorosho na minazi, akiwaonyesha wakulima namna ya kupulizia dawa na kukata matawi yaliyokufa. Mumewe, Kombo, ni fundi wa injini za tagi, vyombo vya kuvuta meli, bandarini Dar es Salaam, na nyumbani huja kwa nadra. Hivyo watoto wawili, Sadick wa miaka minane na Sabra wa minne, waliishi mikononi mwake na mwa mama mkwe, Bi Kijakazi, ambaye magoti yake yalikwisha kuharibika na kila kuinuka kwake kulikuwa na “Ya Rabi” mbele yake.

Hofu ilianza mwaka mmoja kabla ya gari hilo. Walikuwa wakitoka Kilindoni kwa gari la kukodi, Swabaha mbele na dereva, mtoto nyuma. Sadick akachezea kitasa, mlango ukafunguka gari likiwa mbio. Swabaha alipogeuka aliona kiti kitupu na mlango unajipigapiga. Mtoto aliokotwa kwenye mchanga wa pembeni, mfupa wa bega umevunjika, kichwa kizima. Wote walimshukuru Mungu. Lakini Swabaha tangu siku hiyo hakuweza kuketi mbele ya mtoto bila kugeuka kila mara.

Basi mgeni mmoja aliyekuwa akijenga nyumba za wageni kule Utende alipoamua kuondoka, akawa anauza gari lake: fupi, lililoinuka juu, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, na lenye milango miwili tu ya watu, wa dereva na wa abiria wa mbele, mbali na ule wa mizigo nyuma. Ukitaka kukaa nyuma, sharti kiti cha abiria kilazwe, kisukumwe mbele, ndipo ujipenyeze.

“Watoto wakishaingia nyuma, mlango wa kuchezea hawana,” alimwambia Kombo kwa simu.

“Na wakitaka kutoka?”

“Nitawatoa mimi.”

Kombo akasema, “Haya. Wewe ndiye unayewabeba.”

Siku gari lilipofika, Bi Kijakazi aliletewa kiti uani, akaliangalia. Akainuka, akajikokota mpaka mlangoni, akachungulia ndani muda mrefu, mkono mmoja juu ya paa.

“Humu mtu haingii, mwanangu,” alisema. “Huingizwa.”

Swabaha akacheka kwa adabu. “Ndivyo ninavyotaka, Mama.”

Mwanzoni gari lilimtii. Lilipita kwenye matope ambamo malori yalilala. Liligeuka katikati ya minazi mahali ambapo gari refu lingerudi kinyumenyume. Wakulima walianza kuutambua mlio wake kabla halijatokeza. Asubuhi aliwapeleka watoto, Sadick shule na Sabra chekechea, kisha akaenda zake mashambani, na moyo wake ulitulia kwa sababu nyuma yake palikuwa na ukuta wa bati na kioo.

Lakini kuna mambo mzazi huyajua baada ya kuishi nayo. Vioo vya nyuma havikuwa vya kufunguka, na jua likipanda kule nyuma paligeuka tanuri. Mlango wenyewe ulikuwa mpana mno. Ukilisogeza gari ukutani, haufunguki ukatosha. Sabra akitapika, mama hakuweza kumfikia. Na Bi Kijakazi asingeweza kamwe kujipenyeza nyuma, kwa hiyo akisafiri nao yeye hukaa mbele, na watoto hawana njia ya kutoka mpaka kwanza ateremke yeye, mguu mmoja, kisha mwingine, na “Ya Rabi” zake.

Jambo lililomsumbua Swabaha zaidi hakumwambia mtu. Katika kioo cha kutazamia nyuma aliona paji la uso la Sadick tu. Sabra alikuwa mfupi, akizama nyuma ya kiti cha bibi yake, haonekani. Alimjua kwa sauti. Bahati nzuri mtoto yule alikuwa msemaji: safari nzima akiimba, akiuliza, akijijibu. Swabaha aliendesha huku sikio moja likiwa nyuma.

Kisha kiti kikaanza ukaidi. Siku moja mchana, mbele ya shule, alivuta mkono wa kukilazia na kiti hakikusogea. Watoto walikuwa ndani, jasho linawatiririka, Sabra ameanza kulia. Alivuta, akapiga teke chini ya kiti, akavuta tena, mwisho kikaachia kwa mlio wa kutu. Walimu waliokuwa wakitazama walicheka, na yeye akacheka nao, lakini usiku ule hakula.

Alilipeleka Kilindoni kwa fundi Abubakari. Fundi alilala chini ya kiti na tochi, akatoka na vumbi jekundu viganjani.

“Chumvi ya bahari imekula reli ya kiti, bibi shamba. Nimeipaka mafuta. Leo kitakutii, kesho sikuahidi. Niagize kingine Dar?”

“Agiza.”

“Na mpaka kije, usiwakalishe watoto nyuma.”

“Sasa niwakalishe wapi?”

Abubakari akajifuta mikono. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho salfa, kila mkulima akimwita, na Swabaha akawa amejifunza teke lake: chini kidogo, upande wa kulia, kisha vuta. Wiki zikapita, kiti cha Dar hakijafika. Kiti kilitii, isipokuwa siku ambazo hakikutii.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita alikuwa na kazi Bweni, na Bi Kijakazi akaomba kupelekwa huko kumjulia hali dada yake, Bi Mize. Wakaenda wote. Swabaha alimaliza mashamba, akapitia kuwachukua. Bi Mize, kama ilivyo desturi yake, hakuwaacha watoke mikono mitupu: magunia ya nazi yakapangwa nyuma kabisa mpaka yakagusa paa, na mlango wa mizigo ukafungwa kwa kusukumwa na bega. Bi Kijakazi akatiliwa korosho za kuchoma, akazifunga kwenye pindo la kanga.

Upepo wa kusi ulikuwa umekaza, mawingu yamekaa chini, minazi yote imeinama upande mmoja. Barabara ya kutoka Bweni ni mashimo na mchanga. Gari likawa linarukaruka. Nyuma Sabra alikuwa akieleza habari za mbuzi wa Bi Mize, jinsi alivyomlia mtu kofia. Bi Kijakazi akafungua pindo, akapeleka mkono nyuma bila kugeuka.

“Haya, wajukuu zangu, tafuneni.”

Swabaha aliuona mkono ule ukipita kando ya kiti. Akabadili gia.

Wakaenda. Gari likashuka shimo, likapanda. Mbuzi akala kofia tena. Halafu pakawa na mlio wa injini peke yake.

“Sabra amelala?” Swabaha aliuliza.

“Hajalala,” Sadick akajibu.

“Mbona kimya?”

“Anacheza.” Kisha sauti ya Sadick ikabadilika. “Mama, amekodoa macho.”

Swabaha hajui alivyosimamisha gari. Lilikaa upande, gurudumu moja kwenye mtaro, limeegemea kushoto. Aliruka, akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa abiria.

“Mama, shuka!”

“Kuna nini?”

“Shuka!”

Bi Kijakazi alitoa mguu mmoja, akatafuta ardhi. Gari limeinama, ardhi haipo pale alipoizoea. Swabaha hakungoja. Alimshika mama mkwe wake kwapani, akamvuta kama gunia. Bi mkubwa akaanguka magoti mchangani, na Swabaha, aliyekuwa hamwamkii mama yule ila kwa kuinama, hakugeuka hata kumtazama.

Akavuta mkono wa kiti. Kimya. Akapiga teke, chini kidogo, upande wa kulia, akavuta. Kiti hakikusogea hata upana wa kidole.

Katika mwanya kati ya kiti na nguzo ya mlango aliona mkono wa Sabra. Vidole vilikuwa vinafunguka na kufumba, vinafunguka na kufumba. Mtoto hakukohoa wala kulia. Hakutoa sauti yoyote. Sadick alikuwa amejibanza pembeni, anamwita mdogo wake kwa jina kama anayemwamsha.

Swabaha alikumbuka mlango wa mizigo, na papo hapo akakumbuka magunia. Akatazama barabara, mbele na nyuma. Hapakuwa na mtu wala pikipiki. Upepo ulikuwa ukipiga makuti tu.

Alirudi mbio upande wa dereva. Akaingia kichwa kwanza, akajibana kati ya viti viwili mpaka mbavu zikamlia, akanyoosha mkono, akashika gauni, kisha mkono wa mtoto juu ya kiwiko. Akavuta kwa nguvu zake zote. Alisikia kitu kikiteguka begani mwa mtoto, akaendelea kuvuta. Sabra akapita juu ya kiti, uso umekuwa rangi ya majivu, midomo ya buluu. Swabaha akamlaza kifudifudi juu ya gia, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja. Akapiga tena. Akapiga tena, huku akisema maneno ambayo baadaye Sadick alisema hayakuwa maneno.

Kipande cha korosho kikaanguka juu ya kiti.

Sabra alivuta pumzi, na pumzi ile iliingia na mluzi mwembamba. Ndipo akalia. Swabaha aliketi kwenye vumbi, mlango wazi, mtoto kifuani.

Bi Kijakazi alikuwa bado chini, magoti yanavuja damu. Alikuwa akikitazama kile kipande.

“Nimempa mimi,” alisema polepole.

Swabaha alisikia vizuri kabisa. Akaendelea kumfuta mtoto mate.

Pale zahanati ya Kirongwe, muuguzi Warda aliweka chombo chake kifuani mwa mtoto, upande wa kushoto, kisha kulia, kisha akarudia kulia. Tabasamu alilokuwa nalo likaondoka.

“Upande huu hewa haingii sawasawa,” alisema. “Kuna kingine kimebaki ndani. Msilale nacho hapa.”

Kutoka Kilindoni waliruka na ndege ndogo kwenda Dar es Salaam, bega la Sabra limefungwa kitambaa, mluzi unakuja na kuondoka. Kombo aliwapokea na nguo za kazini, mafuta yamemkauka mikononi. Homa ilikuwa imeanza. Daktari alipitisha mpira mwembamba mpaka ndani ya pafu na kukitoa kipande cha pili, akasema wangechelewa kidogo hadithi ingekuwa nyingine. Siku nyingi walikaa wodini. Mtoto alirudi Mafia mzima, ila sauti yake imekwaruza, na maneno yamepungua. Yule msemaji wa safari nzima sasa alipenda kutazama.

Walipofika nyumbani Bi Kijakazi alikuwa amekwisha kufunga nguo zake. Alisema upepo wa Bweni unafaa kwa magoti, atakaa kwa Bi Mize kwa muda. Kila mtu alijua hakuna upepo unaoponya magoti. Swabaha alisimama mlangoni na neno mdomoni, neno moja tu, “Baki,” nalo halikutoka. Alimwitia kijana wa pikipiki, akambebea mfuko. Bi mkubwa akaondoka bila kugeuka.

Swabaha alikwenda kumwona Sikukuu ya Idi, pamoja na Sabra. Alimkuta amekonda, ameketi ukumbini.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu.” Akamtazama Sabra, asimguse. “Hawezi kunipenda tena huyu.”

“Anakuulizia.”

“Na wewe? Umenisamehe?”

Swabaha alichelewa kujibu, na ule uchelewaji wote wawili waliusikia.

“Gari nililichagua mimi, Mama,” alisema mwisho. “Fundi aliniambia. Na wewe uliniambia siku ya kwanza.”

Walilia pamoja, Bi Mize akawaacha peke yao. Lakini Bi Kijakazi hakurudi Kirongwe. Alipofariki mwaka uliofuata, alifia kitandani kwa dada yake, na Swabaha aliyafikia mazishi akiwa amechelewa, barabara ikiwa imekatika kwa mvua.

Gari alilichukua Hafidhi, mnunuzi wa pweza. Aling'oa viti vya nyuma siku ile ile, akapanga makasha ya barafu, na halijamsumbua mpaka leo. Watu humwambia Swabaha aliliachia gari zuri.

“Kwa pweza, zuri,” hujibu.

Kombo alileta jingine, la milango minne, lenye kitufe cha kufunga milango ya watoto kutoka mbele. Swabaha hakitumii kitufe kile, na haachi kukigusa. Akiendesha huita majina. Wakifika penye mikorosho huita, wakishuka daraja huita: “Sadick!” “Nipo.” “Sabra!” “Nipo.” Sadick amekua, anaona haya mbele ya wenzake, lakini hujibu, kwa sababu alikuwamo siku ile.

Mwezi uliopita, wakitoka Kilindoni, jua linawaka, Swabaha aliita na Sadick akajibu. Akaita la pili. Hakuna.

Alifunga breki katikati ya barabara. Pikipiki iliyokuwa nyuma ilikwepa ikaingia mchangani, kijana akatukana. Swabaha alifungua mlango wa nyuma na kuweka kiganja kifuani mwa mtoto. Sabra alikuwa amelala, kinywa wazi kidogo, jasho shingoni. Pafu la kulia likapanda, likashuka. Yule kijana aliendelea kupiga kelele. Swabaha hakuondoa mkono. Sadick akamwambia, “Mama, twende,” na yeye akasema, “Ngoja kwanza,” akaendelea kusimama pale juani.